Rangi Zinazoikimbia Kamera

Juni 1922, mkusanyaji sarafu wa Kimarekani John Sanford Saltus alikutwa amekufa katika chumba cha hoteli jijini London. Alikuwa mtu mwenye uwezo wake, mfadhili mkubwa wa American Numismatic Society ya New York, na hadi leo iko tuzo ya wachongaji medali inayobeba jina lake. Alikuwa amenunua sianidi ya potasiamu asafishie sarafu zake za fedha. Humo chumbani, pamoja na sumu hiyo, kulikuwa na kinywaji cha tangawizi. Uchunguzi wa kifo ulihitimisha kwamba alikosea akanywa sumu akidhani ni tangawizi.

Enzi zile sianidi haikuwa kioja kwa watu wa sarafu. Fedha iliyoingia weusi au manjano ilihesabiwa kuwa imechafuka, na mwenye kujiheshimu hakuonyesha wageni sarafu chafu. Kuna waliosugua kwa kitambaa, kuna waliochovya kwenye tindikali, na hao wa sianidi. Miaka mia moja baadaye wajukuu wa wakusanyaji hao wanautafuta kwa udi na uvumba utando uleule ambao mababu waliuondoa kwa kuhatarisha roho zao. Sarafu mbili za mwaka mmoja, za kiwanda kimoja, zote hazijawahi kuingia mfukoni mwa mtu, moja ikiwa nyeupe pepepe na nyingine imezungukwa na zambarau, buluu na dhahabu, hiyo ya pili inaweza kuuzwa kwa bei mara kadhaa ya mwenzake. Na mara nyingi sana anayeinunua hajaishika. Ameona picha tu.

Hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu, na ndipo ugomvi unapoanzia.

Sarafu tunazozizungumzia ni za prufu. Hizi hazikutengenezwa zikanunue mkate. Kwenye kiwanda cha sarafu cha Philadelphia, mihuri ya chuma ya kupigia chapa iling'arishwa mpaka ikawa kioo, visahani vya fedha navyo vikachaguliwa na kung'arishwa, kisha vikachapwa polepole, kwa nguvu, mara nyingi zaidi ya pigo moja. Sarafu inayotoka humo ina uwanja ambao unaweza kujitazama uso, na michoro iliyosimama kwa makali yake yote. Zamani zilikuwa zawadi kwa wageni rasmi na wenye kujuana na wakubwa wa kiwanda. Mwishoni mwa miaka ya 1850, chini ya mkurugenzi James Ross Snowden, kiwanda kikaanza kuziuza kwa umma. Idadi zake zilikuwa ndogo ajabu. Dola ya fedha ya Morgan ya mwaka 1895, ambayo wakusanyaji huiita mfalme wa dola hizo, ilitengenezwa prufu 880 basi.

Utaratibu huo ulisimama wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ukarudi mwaka 1936, na kwa maoni yangu hapa ndipo mkusanyaji wa rangi anapaswa kuanza kusoma kwa makini. Mwaka huo robo dola za prufu zilikuwa 3,837. Mwaka 1942 zilifika 21,123, halafu vita vya pili vikasimamisha kazi tena. Zilizotoka katika miaka hiyo saba zilikuwa na bahati ya michoro. Kulikuwa na nusu dola ya Adolph Weinman, yenye mwanamke anayetembea kuelekea jua linalochomoza, na senti kumi ya msanii huyohuyo. Senti tano ya 1936 na 1937 ilikuwa na nyati wa James Earle Fraser. Mwaka 1950 prufu zilirudi kwa seti 51,386, kila seti dola 2.10, ikiwa na nusu dola yenye sura ya Benjamin Franklin. Baada ya hapo watu walizishtukia. Mwaka 1955 ziliuzwa seti 378,200, na mwaka 1964 karibu milioni nne.

Nusu dola, robo na senti kumi za miaka hiyo zote zilikuwa fedha asilimia 90 na shaba asilimia 10. Fedha haipatani na salfa. Salfa iko hewani kwa kiasi kidogo sana: katika moshi wa makaa, katika karatasi za bei nafuu, katika raba, katika mayai. Inapoigusa fedha hutengeneza salfaidi ya fedha, utando mwembamba unaoanza kwa makumi ya nanomita tu.

Utando huo hauna rangi ya kupakwa. Mwanga ukiufikia, sehemu yake inarudi kutoka juu ya utando, na sehemu nyingine inapenya, inagonga fedha chini yake, kisha inarudi. Mawimbi hayo mawili yakikutana, kuna rangi zinazoongezana nguvu na kuna zinazouana. Unachokiona ni kilichobaki. Ni jambo lilelile la petroli iliyomwagika juu ya dimbwi barabarani. Utando ukiwa mwembamba kabisa, sarafu inakuwa manjano hafifu ya nyasi kavu. Ukinenepa kidogo inaingia dhahabu, kisha wekundu wa kutu, zambarau, buluu nzito. Ukiendelea, buluu inapauka, manjano inarudi mara ya pili, inafuata waridi, kisha kijani. Mwishowe yote yanazama kwenye kijivu na weusi, na hapo hakuna cha kuokoa.

Mpangilio huo ni shahidi mkubwa, na nitaurudia chini tukifika kwa matapeli.

Salfa ilizifikiaje sarafu ambazo wenyewe walizitunza kama mboni ya jicho? Jibu ni kwamba vilivyozitunza ndivyo vilivyokuwa na salfa. Seti za prufu za miaka ya mwanzo ya 1950 zilifungwa hivi: kila sarafu kwenye kimfuko chake cha selofeni, vimfuko vitano vikabanwa pamoja kwa pini ya stepla, vikaviringishwa kwenye karatasi laini, vikatiwa kwenye kiboksi kidogo cha kadibodi na kufungwa kwa utepe wa gundi. Mnunuzi alikifungua mara moja, akatazama, akarudisha, akakisahau kwenye droo miaka arobaini. Kadibodi na karatasi zikafanya kazi yao kimyakimya. Pini nayo ikapata kutu, na ziko sarafu nyingi zenye doa la kutu ambalo halikutoka kwake.

Kabla ya hapo, tangu miaka ya 1930, kulikuwa na albamu za Wayte Raymond, mfanyabiashara wa sarafu wa New York. Ukurasa wake ni kadibodi nene yenye matundu ya duara. Sarafu inakaa kwenye tundu, na mbele na nyuma yake hupita ukanda wa plastiki angavu unaoweza kuuvuta na kuurudisha. Kadibodi inaigusa sarafu ukingoni pekee. Kwa hiyo salfa huingilia pembeni na kutambaa kuelekea katikati, kidogo kidogo, kwa miongo. Chukua nusu dola ya Weinman iliyokaa humo. Ukingoni kabisa, kwenye herufi za neno LIBERTY, ni kijani inayoingia waridi. Ukisogea ndani unakuta pete ya buluu kali, kisha zambarau, kisha ukanda mwembamba wa rangi ya machungwa, kisha dhahabu inayofifia. Katikati, kwenye mkunjo wa gauni la yule mwanamke, fedha imebaki nyeupe kama ilivyotoka Philadelphia. Ni kalenda ya salfa inayosomwa kutoka nje kwenda ndani. Senti moja za shaba zina njia yake nyingine, huwa za zambarau na buluu ya kijani, na wapo wanaozipenda kuliko fedha. Ladha haina hakimu.

Sasa ichukue sarafu hiyo uipige picha.

Iweke juu ya meza, shika simu juu yake, bonyeza. Utapata duara jeusi au la kahawia iliyokufa. Mwenye sarafu atakuapia kwamba akiiinamisha chini ya taa inawaka kama tausi, na wewe utamwonyesha picha isiyo na chochote, na nyote wawili mtakuwa mnasema kweli. Prufu ni kioo. Kamera ikisimama moja kwa moja juu ya kioo inajiona yenyewe, nayo ni nyeusi. Rangi zilizo kwenye uwanja wa sarafu huonekana pale tu mwanga unapoigonga na kuruka moja kwa moja hadi kwenye lenzi. Mwanga ukiruka pembeni, rangi zinakwenda nao.

Wapiga picha wa sarafu wamejifunza kuzifukuzia kwa njia kama tatu. Ya kawaida ni kufunga kamera kwenye stendi ikitazama chini, lenzi ya karibu ya milimita 100 hivi, na taa mbili zilizoinuliwa juu kabisa, zikibanana na lenzi, upande wa saa nne na saa nane za usiku kwenye uso wa saa. Lenzi ndefu ina faida ya kukaa mbali na sarafu na kuziachia taa nafasi. Kwa sarafu ya kawaida isiyo na kioo njia hii inatosha. Kwa prufu inaleta michoro vizuri, lakini uwanja hufunguka vipande vipande.

Njia ya pili ni kuiinamisha sarafu kwa kuiwekea kijiti chini ya upande mmoja. Rangi zinafurika. Tatizo ni kwamba upande mmoja sasa uko karibu na lenzi kuliko mwingine, na kwa umbali huo mdogo hata milimita moja inatosha kuufanya ukingo uwe ukungu. Unabana tundu la lenzi hadi f/8 au f/11 ili ukali ufike pande zote, au unapiga picha kadhaa kwa vituo tofauti vya ukali na kuziunganisha kwenye kompyuta. Duara nalo linakuwa yai kidogo, likahitaji kunyooshwa.

Ya tatu ndiyo inayoleta picha zile zinazowatoa watu udenda. Kipande cha kioo safi cha dirisha kinasimamishwa kati ya lenzi na sarafu kwa mwinamo wa nyuzi 45. Taa inawekwa ubavuni. Mwanga unakigonga kioo, sehemu yake inateremka wima hadi kwenye sarafu, unarudi wima juu, unapenya kioo na kuingia kwenye lenzi. Sarafu imelala flati, ukali uko sawa kote, na uwanja wote unaruka kuelekea kamera kwa mara moja. Mwanga mwingi sana unapotea njiani, maana kioo cha kawaida hurudisha sehemu ndogo tu ya kinachokigonga, kwa hiyo taa lazima iwe kali, na ng'ambo ya kioo panahitajika kitambaa cheusi cha kumeza mwanga uliopenya. Yote hayo yanavumilika kwa sababu ya kile kinachotokea kwenye kiwambo: buluu, waridi na dhahabu zote kwa pamoja, bila kuinamisha chochote.

Kuna kinacholipwa hapo. Mwanga wa wima hauna kivuli, na bila kivuli uso wa Franklin unakuwa kama umechorwa kwenye karatasi. Sehemu za michoro zenye unga wa theluji, ambazo kwa macho ni nyeupe na ndizo zinazoipa prufu nyingi uzuri wake, zinageuka kuwa giza kwa sababu zinatawanya mwanga badala ya kuurudisha. Mikwaruzo midogo ya kitambaa kwenye uwanja nayo inaweza kupotea. Picha inapendeza kuliko sarafu na wakati huohuo inaeleza machache kuliko sarafu.

Weupe wa taa ni mtihani mwingine. Taa moja ya manjano na nyingine ya buluu zikikutana juu ya fedha, unapata rangi ambazo salfa haikuziweka. Mpiga picha makini hupiga kwanza kadi ya kijivu, akaiambia kamera hiki ndicho kijivu, kisha haigusi tena. Asiye makini huvuta kile kitelezi cha kukoleza rangi kwenye programu yake mpaka dhahabu iliyofifia inakuwa chungwa la Muheza. Ukitaka kumkamata, tazama vitu visivyo na sababu ya kuwa na rangi. Lebo nyeupe ya kasha imeingia waridi? Kidole kilichoshika kasha kimekuwa chekundu? Basi na sarafu imepakwa.

Siwaiti waongo wanaotumia kioo cha nyuzi 45. Sarafu hiyo kweli huonekana hivyo, kwa pembe moja, chini ya taa moja, na mwenye nayo ana haki ya kuionyesha siku ya arusi yake. Ninachodai ni kwamba muuzaji mwenye picha hiyo peke yake hajamaliza kazi. Aweke ya pili, ya taa za kawaida, sarafu ikiwa ya kahawia na inanuna. Aweke video fupi akiizungusha mkononi, rangi ziwake na kuzima. Mnunuzi ataiona kwa namna hiyo siku nyingi zaidi kuliko atakavyoiona kwenye ile ya tausi.

Sasa hao matapeli. Salfa inauzwa, jiko lipo, na penye bei mara kadhaa hapakosekani mtu wa kupika. Sarafu nyeupe inafukizwa au kuchemshwa pamoja na kemikali, na baada ya muda mfupi inatoka na upinde wa mvua. Ndipo ule mpangilio unapotoa ushahidi. Kijani haiji bila kupitia dhahabu, zambarau na buluu. Ukiona kijani kali imekaa jirani na fedha nyeupe, bila ukanda wowote katikati yake, uliza maswali. Rangi ya kupikwa pia mara nyingi hupita juu ya michoro bila kujali: inavuka kutoka uwanjani hadi kwenye shavu la Franklin kana kwamba hakuna mlima hapo. Ya miongo huheshimu miinuko. Na ikiwa imekaa juu ya mikwaruzo ya kusafishwa, basi kuna mtu alisafisha kwanza, akapika baadaye kuficha.

Kampuni za kupanga madaraja, PCGS iliyoanza kazi 1986 na NGC iliyofuata 1987, ndizo zilizogeuka mahakama ya mambo haya. Unapeleka sarafu, wataalamu wanaitazama, wanaipa namba kati ya 1 na 70 na kuifungia ndani ya kasha gumu la plastiki. PCGS ikiona rangi inatia shaka, inaikatalia namba. NGC huongeza nyota kwenye lebo kwa sarafu yenye mvuto wa pekee machoni, na nyingi za nyota hizo zimekwenda kwa zenye rangi.

Huku kwetu fedha za prufu si ngeni kabisa. Rupia ya fedha ya Mombasa ya mwaka 1888, ya kampuni ya Imperial British East Africa, ilichapwa na kiwanda cha Heaton cha Birmingham, na ziko chache za prufu. Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu za hifadhi ya wanyama, shilingi 25 ya twiga na shilingi 50 ya kifaru, ambazo toleo lake la prufu lina fedha 925 kwa 1,000. Hewa ya pwani, na unyevu wake na chumvi yake, haizihurumii. Ukiirithi moja, tafadhali usiifanyie kile tunachoifanyia sinia ya shaba kwa ndimu na majivu. Kioo kitaondoka mara moja na hakuna fundi wa kukirudisha. Ishike ukingoni. Itoe pia kwenye vile vimfuko laini vya plastiki vyenye harufu ya mpira, ambavyo hutoa ute wa kijani unaokula chuma, na huo hauna shabiki popote.

Mwenye moyo mgumu atasema yote haya ni kutu iliyopambwa kwa maneno, na sitabishana naye sana. Kikemia ni uharibifu. Utando mwembamba unaacha kioo kikipumua chini yake, mnene unakitafuna. Kuisafisha iliyofikia weusi ni kuivua fedha ngozi yake ya juu, ndiyo maana prufu nyingi za karne ya 19 zilizochovywa tena na tena zimebaki na weupe uliofubaa. Zilizonusurika mikono ya wenye usafi ni chache, na uchache huo ndio unaolipiwa.

Wala hazitaongezeka kwa njia ya zamani. Sheria ya mwaka 1965 iliiondoa fedha kwenye senti kumi na robo dola za Marekani. Prufu nazo zilisimama tena, na ziliporudi mwaka 1968, safari hii kutoka San Francisco, ziliwekwa kwenye makasha magumu ya plastiki. Tangu 1992 zipo tena seti za fedha, nazo zimefungwa vilevile, bila kadibodi ya kuzigusa.

Kwa hiyo biashara mpya imezaliwa. Albamu tupu za Wayte Raymond, kurasa zake zikiwa zimeingia manjano, zinanunuliwa na watu wasio na haja ya albamu. Wanapanga humo sarafu nyeupe za fedha, wanaziacha dirishani au kwenye kabati lenye joto, wanasubiri mwaka, miwili, mitano. Hakuna kemikali, hakuna jiko, ni kadibodi ileile na hewa ileile. Zikitoka na pete zake zinapelekwa kupangiwa daraja, na mtaalamu aliyeketi na kioo chake cha kukuzia hana namna ya kujua kama sarafu iliingia kwenye lile tundu mwaka 1948 au 2018. Zinazofuata mpangilio wa rangi zinapita.